AFCON 2027: Ukitoka Katindiuka kwenda kuishangilia Stars, ulale mji gani?

Fainali za Mataifa ya Afrika (AFCON) za mwaka 2027 zinakuja Afrika Mashariki. CAF iliwapa Tanzania, Kenya na Uganda uenyeji wa pamoja Septemba 27, 2023, na tangu siku hiyo mashabiki wengi wameanza kuweka akiba kidogo kidogo.

Kwa mtu wa Temeke, kwenda Uwanja wa Benjamin Mkapa ni safari ya daladala. Kwa mtu wa Katindiuka, kata iliyoko mjini Ifakara, ni zaidi ya kilomita 400 kabla hajaliona geti la uwanja. Timu moja hucheza mechi tatu za makundi, na mechi hizo hupishana kwa siku kadhaa. Hapo ndipo linapokuja swali ambalo wengi hulifikiria wakiwa wameshachelewa: katikati ya mechi na mechi, unakaa wapi?

Mji utakaouchagua kulala, yaani mji wako wa kambi, ndio unaoamua utatumia shilingi ngapi, utachoka kiasi gani na kama utaiona mechi ya tatu au utaisikiliza redioni ukiwa njiani.

Kwa kifupi

- Chagua mji wa kambi baada ya ratiba kutoka. Usichague kwa kufuata jina la uwanja.
- Angalia kwanza mechi ya tatu ya kundi inachezwa wapi. Ndiyo inayohama.
- Jiulize utarudije kitandani saa 5 usiku, kabla ya kujiuliza utafikaje uwanjani saa 10 jioni.
- Lipia hatua ya makundi tu. Mtoano una ramani yake.

Safari ya Ifakara ina mambo yake

Basi likitoka Ifakara linapita Mang'ula, Kidatu na Ruaha hadi Mikumi, linakatiza hifadhi ya Mikumi kwa mwendo uliodhibitiwa kwa ajili ya wanyama, kisha Morogoro, Chalinze na Dar. Kipande cha Kidatu hadi Ifakara peke yake ni takriban kilomita 67, na kwa miaka mingi kilikuwa cha vumbi kiangazi na tope masika. Kuanzia Juni malori ya miwa nayo huwa barabarani upande wa Kidatu.

Kuna reli ya TAZARA pia, ambayo ina stesheni Ifakara. Ni njia nzuri kwa mwenye muda, lakini treni zake za abiria ni chache kwa wiki. Usiitegemee kwa mechi ya siku hiyohiyo.

Maana yake ni kwamba shabiki wa bonde la Kilombero hawezi kupanga kama wa Dar. Mechi ya jioni kwake ni jambo la siku mbili hata akiharakisha: siku ya kwenda na siku ya kurudi, na usiku mmoja katikati. Mechi tatu zikiwa hivyo, mfuko unaanza kulalamika.

Kuna jingine. Fainali zimepangwa kuangukia Juni na Julai, wakati mpunga wa Kilombero uko shambani ukivunwa au uko uwanjani ukipigwa na kuanikwa. Huo ndio wakati pesa huonekana mkononi, na ndio wakati bei ya mpunga huwa chini kwa sababu kila mtu anauza. Gunia linalouzwa haraka ili kupata nauli linaweza kuwa gunia ghali kuliko tiketi yenyewe.

Mechi ya tatu: mtego ambao wengi hawauoni

Katika mashindano makubwa, mechi mbili za mwisho za kila kundi huanza kwa wakati mmoja. Utaratibu huu ulishika mizizi baada ya Kombe la Dunia la 1982 nchini Hispania. Algeria ilikuwa imemaliza mechi zake siku moja kabla, kisha Ujerumani Magharibi na Austria zikakutana mjini Gijón zikijua matokeo gani yangezivusha zote mbili. Ujerumani ilishinda 1-0, mpira ukapooza, Algeria ikatolewa.

Sasa fikiria: kama kundi zima linachezwa kwenye uwanja mmoja, mechi mbili za saa moja haziwezi kutosha hapo. Lazima moja ihamie uwanja mwingine. Mara nyingi uwanja huo uko mji mwingine kabisa.

Taifa Stars imepitia hali zote hizi katika fainali tatu zilizopita:

Misri 2019. Stars ilicheza na Senegal na Kenya kwenye Uwanja wa 30 Juni, kisha ikamaliza na Algeria kwenye Uwanja wa Al Salam. Viwanja vyote viwili viko Cairo. Shabiki aliyelala Cairo hakuhitaji kufungasha begi hata mara moja.

Ivory Coast, fainali za 2023 zilizochezwa mwanzoni mwa 2024. Stars ilianza San Pedro dhidi ya Morocco, ikafungwa 3-0, ikabaki hapohapo na kutoka sare ya 1-1 na Zambia. Mechi ya tatu dhidi ya DR Congo, iliyoisha 0-0, ikapelekwa Korhogo. San Pedro ni mji wa pwani kusini magharibi. Korhogo uko kaskazini kabisa. Hata ukipima kwa mstari ulionyooka ni zaidi ya kilomita 500. Aliyelipia chumba San Pedro kwa mechi zote tatu alikuwa na chumba asichoweza kukitumia.

Morocco, fainali za 2025. Stars ilianza Fez Desemba 23 na kufungwa 2-1 na Nigeria. Baada ya hapo ikahamia Rabat: sare ya 1-1 na Uganda, sare ya 1-1 na Tunisia, na kwa mara ya kwanza katika historia yake ikavuka makundi. Mechi ya 16 bora dhidi ya wenyeji, Januari 4, 2026, nayo ikawa Rabat, Stars ikatoka kwa 1-0. Fez na Rabat ziko umbali wa takriban kilomita 200 na zimeunganishwa kwa treni. Aliyeweka kambi Rabat alisafiri mara moja tu. Aliyeweka kambi Fez kwa sababu ndiko Stars ilikoanzia alikuwa na safari tatu.

Funzo ni dogo ila linaokoa pesa: mechi ya kwanza isikuchagulie mji. Soma ratiba yote, weka alama kwenye miji ya mechi ya pili na ya tatu, halafu ndipo uamue.

Je, wenyeji nao wanahamishwa? Kwenye CHAN iliyochezwa Agosti 2025 katika nchi hizi hizi tatu, Stars ilimaliza kundi lake palepale Mkapa. Waliohama ni wengine. Kundi la Nigeria lilikuwa na makao Amaan, Zanzibar, lakini mechi yake ya mwisho dhidi ya Congo ilivuka maji ikaja Dar. Kundi la Algeria lilikuwa na makao Kampala, lakini mechi yake ya mwisho dhidi ya Niger ilichezwa Nyayo, Nairobi. Kwa hiyo anayeifuata Stars ana nafuu ya uenyeji. Anayetaka kuwaona Wanigeria, Waalgeria au Wasenegali ajiandae kuhama.

Hesabu: nenda-rudi au weka kambi?

Kijiweni utasikia mtu akisema, "Kaka, mimi naenda asubuhi, naangalia mpira, kesho nipo nyumbani." Mwingine anasema akifika Dar harudi hadi makundi yaishe. Nani anatumia kidogo?

Chukulia mfano huu, wa hesabu tu: nauli ya basi Ifakara hadi Dar Sh25,000, gesti Sh25,000 kwa usiku, chakula Sh10,000 kwa siku. Mechi tatu, kila moja ikipishana na nyingine siku nne, yaani siku ya 1, ya 5 na ya 9. Gharama za tiketi na usafiri wa ndani ya mji ziko palepale kwa wote, kwa hiyo hazimo.

*Nenda-rudi, unafika siku ya mechi:*
- Nauli safari tatu: Sh150,000
- Gesti usiku 3: Sh75,000
- Chakula siku 6: Sh60,000
- Jumla: Sh285,000

*Kambi Dar, siku ya 1 hadi ya 10:*
- Nauli safari moja: Sh50,000
- Gesti usiku 9: Sh225,000
- Chakula siku 10: Sh100,000
- Jumla: Sh375,000

Hapo nenda-rudi inashinda kwa Sh90,000. Lakini hesabu hiyo inadhani basi halitaharibika, njia haitafungwa na utashuka Dar ukiwa na nguvu ya kuimba. Ukiwa mwangalifu na kufika siku moja kabla, kila safari ya nenda-rudi inakula siku tatu badala ya mbili. Jumla yake inapanda hadi Sh390,000. Mwenye kambi anaongeza siku moja tu, mwanzoni, na anafika Sh410,000. Pengo limebaki Sh20,000.

Sasa weka watu wawili kwenye chumba kimoja, kila mmoja alipe nusu, na wote wafike siku moja kabla ya mechi:

- Nenda-rudi: Sh315,000 kwa kila mmoja
- Kambi: Sh285,000 kwa kila mmoja

Mambo yamegeuka. Kambi imekuwa nafuu kwa Sh30,000, na mwenye kambi amesafiri zaidi ya kilomita 800 wakati mwenzake anakaribia kilomita 2,500.

Kwa hiyo jibu linategemea mambo mawili: una mwenzako wa kugawana chumba, na kazi gani inakusubiri nyumbani. Ukiwa peke yako na mpunga haujaingia ghalani, nenda-rudi ina maana. Mkiwa wawili au watatu na mavuno yameisha, wekeni kambi. Badilisha bei za mfano kwa bei halisi utakazozikuta, lakini njia ya kukokotoa ni ileile.

Dar es Salaam: ukubwa wake ni mtihani

Uwanja wa Mkapa uko Temeke na unabeba watu wapatao 60,000. Mabasi ya mikoani yanaishia Stendi ya Magufuli, Mbezi, upande mwingine kabisa wa jiji. Wengi hushuka Mbezi, wakaona gesti palepale, wakachukua chumba. Siku ya mechi wanagundua kuwa kati yao na uwanja kuna jiji zima na foleni yake.

Fikiria saa ya kurudi. Mechi ya ufunguzi ya CHAN 2025, Stars ikiifunga Burkina Faso 2-0, ilianza saa 2 usiku. Mechi ya namna hiyo inaisha karibu saa 4. Ikiwa ya mtoano na ikaenda hadi penalti, ni karibu saa 5. Makumi ya maelfu wanatoka kwa pamoja, bodaboda wanataja bei wanayotaka, na simu imeishiwa chaji. Chumba cha Temeke, Chang'ombe, Keko, Mtoni au Mbagala kinaweza kuonekana ghali kidogo mchana, lakini usiku huo kinarudisha pesa yake. Kwa anayelala upande wa Mbagala, mwendokasi wa Barabara ya Kilwa unapita si mbali na uwanja.

Kuna tahadhari moja ambayo wageni huisahau. Maonesho ya Sabasaba hufanyika kila mwaka kuanzia mwisho wa Juni hadi katikati ya Julai, kwenye viwanja vilivyo Barabara ya Kilwa, Temeke hiyohiyo. Wafanyabiashara kutoka kila mkoa huhitaji vyumba upande huo. Anayesubiri kutafuta gesti siku ya mechi atakuwa anagombania kitanda na shabiki mwenzake na muuza mitumba kwa wakati mmoja.

Na kwa ndugu? Karibu kila familia ya Ifakara ina mtu Dar, na hapo gharama ya gesti inafutika. Ila kumbuka walichosema wahenga: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku kumi ni nyingi kwenye nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili. Piga simu mapema, sema siku utakazokaa, beba mchele wa Kilombero wa kutosha, na siku zisizo na mechi usikae sebuleni tangu asubuhi.

Morogoro: inavutia, lakini pima

Tangu treni ya SGR ianze safari za Dar na Morogoro Juni 2024, wengi wanaiona Morogoro kama kambi ya bei nafuu. Treni inatumia chini ya saa mbili, na nauli ya daraja la kawaida ilipangwa Sh13,000. Kwa mtu wa Ifakara, Morogoro pia iko njiani.

Tatizo ni usiku. Ukitoka Mkapa saa 4 usiku, ukapita kwenye nyomi, ukafika stesheni katikati ya jiji, je, treni ya mwisho bado ipo? Kabla ya kulipia chumba Morogoro, linganisha saa ya mechi kuisha na saa ya treni ya mwisho, na uache angalau saa mbili katikati. Isipotosha, utalala Dar na utakuwa umelipia vitanda viwili usiku mmoja.

Hata hesabu yenyewe haina nafuu kubwa. Gesti ya Sh20,000 kwa usiku 9 ni Sh180,000. Treni kwenda na kurudi mara tatu ni Sh78,000. Chakula siku 10 ni Sh100,000. Ongeza nauli ya Ifakara, chukulia Sh14,000 kwenda na vivyo hivyo kurudi. Jumla Sh386,000, zaidi ya kambi ya Dar. Morogoro inafaa kwa mechi za alasiri, kwa anayekwenda mechi moja, na kwa mwenye ndugu Kihonda au Msamvu.

Zanzibar: mechi ikiisha, boti haipo

Boti ya mwendo kasi kutoka Dar hadi Unguja inachukua takriban saa mbili, na safari zake ni za mchana. Mechi ya usiku Amaan inakulazimu kulala. Juni na Julai ni wakati watalii wanaongezeka, na hoteli nyingi za Mji Mkongwe na za ufukweni hupanga bei kwa dola. Tafuta nyumba za wageni za mitaa ya ng'ambo, karibu na Amaan kwenyewe, ambako wenyeji wanaishi.

Kama Stars haichezi huko, Zanzibar ichukulie kama safari ya siku mbili kutoka Dar, usiifanye kambi.

Arusha: kambi ya nchi mbili

Arusha inajengewa uwanja mpya wa watu wapatao 30,000 kwa ajili ya fainali hizi. Faida yake kubwa ni mahali ilipo: kutoka hapo hadi Nairobi kupitia Namanga ni takriban kilomita 270. Anayetaka kuona mechi za Tanzania na za Kenya bila kupanda ndege, huu ndio mji wa kuufikiria.

Kutoka Ifakara hulazimiki kuingia Dar. Kutoka Morogoro unaweza kupitia Chalinze, Segera na Moshi, au Dodoma, Kondoa na Babati. Kwa vyovyote ni safari ya kulala njiani mara moja, Morogoro au Dodoma. Na mtu aliyezoea joto la Kilombero abebe jaketi: Juni na Julai Arusha ni baridi ya kweli, hasa ukiwa umekaa jukwaani saa 3 usiku. Huo pia ni msimu wa watalii wa mbuga, kwa hiyo vyumba vya katikati ya mji hupanda bei.

Kuvuka mpaka: Nairobi na Kampala

Watanzania hawahitaji viza kuingia Kenya au Uganda, lakini wanahitaji hati ya kusafiria. Hapa wengi huchanganya. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wana makubaliano ya kuvuka kwa vitambulisho vyao vya taifa. Tanzania haimo. Kitambulisho cha NIDA hakitakuvusha Namanga. Pasipoti ya kielektroniki ada yake ni Sh150,000, na ipo pia hati ya dharura ya kusafiria inayotolewa na Uhamiaji kwa safari fupi. Beba na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, maana mpakani huulizwa.

Pasipoti uishughulikie miezi kabla. Ukingoja wiki ya mechi utapanga foleni na mashabiki wa mikoa yote.

Nairobi ina faida ya kuwa na uwanja zaidi ya mmoja ndani ya jiji: Kasarani, Nyayo na uwanja mpya wa Talanta. Kundi likigawanywa, mechi ya tatu inaweza kubaki palepale, kama ilivyokuwa Cairo 2019. Kwenye CHAN 2025, siku ya mwisho ya kundi lao, Kenya ilicheza na Zambia Kasarani huku Morocco na DR Congo wakiwa Nyayo. Lakini Kasarani iko kwenye Barabara ya Thika, mbali na Nyayo, kwa hiyo hata ndani ya Nairobi chagua mtaa kwa kuangalia uwanja.

Pia chukua funzo la tiketi. Kwenye CHAN hiyo, baada ya vurugu getini, CAF ilipunguza idadi ya mashabiki Kasarani na kuruhusu tiketi za mtandaoni tu. Aliyesafiri akitegemea kununua tiketi mlangoni alibaki nje.

Kampala iko mbali zaidi. Kutoka Nairobi ni takriban kilomita 650, kwa basi ni usiku mzima, kupitia Busia au Malaba. Uwanja wa Mandela uko Namboole, nje kidogo ya katikati ya jiji, upande wa barabara ya Jinja. Uganda imejenga pia uwanja Hoima, takriban kilomita 200 kutoka Kampala. Ukiona ratiba imeandika Uganda, angalia ni mji gani.

Mtoano: usilipie ndoto

Shabiki wa kweli anaamini timu yake itafika fainali. Mfuko wake usiamini hivyo.

Angalia njia ya Morocco, mabingwa wa CHAN 2025. Makundi walicheza Nairobi. Robo fainali wakaja Dar Agosti 22, wakaifunga Stars 1-0. Nusu fainali wakaenda Kampala kucheza na Senegal, wakashinda kwa penalti. Fainali Agosti 30 wakarudi Kasarani na kuifunga Madagascar 3-2. Nchi tatu ndani ya siku tisa. Wao walikuwa na ndege. Shabiki wa basi angefika robo fainali akiwa na miguu iliyovimba.

Ndiyo maana watu wazoefu hufanya hivi: wanalipia kambi ya makundi, wanatenga kando pesa ya mechi moja ya mtoano, na wanatafuta gesti inayokubali kuahirisha. Stars ikivuka, wanahama. Isipovuka, wanarudi nyumbani na nauli wanayo.

Mpangilio usiokuangusha

1. Subiri droo na ratiba rasmi ya CAF.
2. Andika miji ya mechi zako tatu, ukianza na ya tatu.
3. Pata tiketi ya mechi kupitia njia rasmi. Bila tiketi, chumba hakina kazi.
4. Chukua chumba karibu na uwanja au kwenye njia ya usafiri wa usiku. Lipa kidogo, pata risiti au ujumbe wa uthibitisho.
5. Kata tiketi ya basi ya kwenda siku moja kabla, na ya kurudi mchana wa siku inayofuata. Usikate ya alfajiri, hutaamka.
6. Acha akiba ya nauli ya kurudi kwenye simu ya mtu wa nyumbani. Pochi ikiibiwa, anakutumia.

Kisha fanya hesabu ya mwisho, ile ya nyumbani. Ikiwa safari inahitaji kuuza mpunga wa chakula au wa ada ya shule kwa bei ya msimu wa mavuno, punguza safari, usipunguze ghala. Chagua mechi moja badala ya tatu. Nyingine utaziona Ifakara hapahapa, kwenye kibanda umiza, na watu unaowajua, na kitanda chako kikiwa umbali wa kutembea kwa miguu.

Mechi moja utakayoiona Mkapa ukiwa umelala vizuri, tiketi mkononi na nauli ya kurudi mfukoni, utaisimulia Katindiuka miaka mingi. Mechi tatu ulizozifuata kwa deni, atakayezisimulia ni aliyekukopesha.